Uliza Maji Yanakolala: Datsun ya Mjomba na Fundi Bodi wa Ilomba

Gari la mjomba limeonja maji ya aina mbili. Miaka yake ya mwanzo liliishi Tanga, ambako mjomba alikuwa mhasibu wa shamba la mkonge na alilinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Huko likala chumvi ya bahari. Alipostaafu akalipandisha nyumbani Tukuyu, mahali ambapo mvua ikishaingia Novemba haiondoki mpaka Mei, akalifunika turubai chini ya kibanda cha bati pembeni ya migomba. Turubai lile liliharibu kuliko mvua yenyewe. Gari likifunikwa likiwa na unyevu, ule unyevu hauna pa kwenda. Linakaa mbichi masika na kiangazi.

Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, ya milango miwili, yenye boneti refu na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4. Kwao Japani iliuzwa kwa jina la Fairlady Z. Vijana wa Mbeya wakiliona huuliza kama ni Mustang. Wazee hawaulizi. Wanaijua kutokana na mbio za East African Safari, zile zilizokuwa zikikimbiwa wakati wa Pasaka na kutangazwa redioni: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Magari yale yalipigwa mawe, tope na makorongo yakafika. La mjomba halikupigwa na kitu. Lilikaa tu, na kukaa ndiko kulikolimaliza.

Nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo kutu ninaiandika ubaoni kila mwaka. Chuma, oksijeni, maji. Chumvi ikiwepo kazi inakwenda mbio zaidi, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri. Wanafunzi wanaipenda mada hii kwa kuwa ni fupi. Gari hili lilinionyesha upande ambao ubaoni hauonekani: kutu ina jiografia yake. Inachagua mahali pa kukaa, na ukishajua inakochagua unaweza kuitafuta hata pale ambapo rangi bado inang'aa.

Tulilishusha Mbeya juu ya Fuso, kupitia Kiwira na Isongole hadi Uyole, mjomba akiwa kiti cha mbele na kugeuka nyuma kila tulipovuka tuta. Mafundi wawili wa kwanza niliowaita walifanya jambo lile lile. Walilizunguka, wakabonyeza madigadi kwa kidole gumba, wakasema hapa ni puti na rangi tu, Mwalimu, wiki mbili unatembea. Siwalaumu. Mteja wao wa kawaida anataka gari ling'ae siku ya kuliuza, na puti, ule mchanganyiko wa kujazia mabonde kabla ya rangi, inatosha kabisa kwa shughuli hiyo.

Wa tatu ana gereji Ilomba, hapa hapa Mbeya, na riziki yake ni bodi za Coaster na mafuso yanayorudi na majeraha kutoka njia ya Tunduma. Hakugusa madigadi. Aliomba ndoo ya maji. Akafungua boneti, akamimina taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha akachuchumaa akisubiri. Kwenye gari hili maji yanayoingia pale yanapaswa kushuka kwa njia zake za pembeni na kutokea nyuma ya madigadi ya mbele. Hayakutokea huko. Baada ya muda yalianza kudondoka ndani, chini ya dashibodi, pale abiria anapoweka miguu.

"Mwalimu," akasema, "rangi uliza mwisho. Kwanza tuulize maji yanalala wapi."

Alimwaga tena kwenye reli za paa, kwenye kioo cha mlango, kwenye mpira wa mlango wa nyuma. Kila mara alichuchumaa na kuangalia. Alipomaliza alikuwa amechora kwa chaki, juu ya rangi iliyokuwa bado nzima, alama za mahali tutakapokata. Nilimwuliza kwa nini achore pazima. Akachomoa bisibisi mfukoni, akalisukuma kwenye moja ya alama zile, chini ya mlango, likazama hadi mpini.

Ndoo aliifuata kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku ikishika, kuna bati. Ikiteleza, kuna puti nene. Kisha akagonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Bati zima linaita. Bati lililoliwa kwa ndani lina sauti ya kukohoa. Lenye puti halina sauti kabisa. Nimejaribu baadaye kwenye magari ya marafiki zangu, nao sasa hawapendi niyakaribie.

Kulivua gari ilikuwa kazi ya mikono mingi na vijana wake waliifanya vizuri. Sakafu ya 240Z ilitoka kiwandani ikiwa imepakwa mikeka ya lami kuzuia kelele, na chini ya mikeka ile maji huingia yasitoke. Kuibandua ni adha. Ukitumia moto inayeyuka na kunata kila mahali. Fundi alisema tuianze asubuhi. Ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya wenyeji mnaijua, mtu anaota moto wa mkaa na koti juu. Saa moja asubuhi lami ilikuwa imekakamaa, patasi ikigusa inaruka vipande. Kufika saa tano jua lilikuwa limeilainisha tena, tukahamia kazi nyingine. Hivyo ndivyo sakafu ilivyovuliwa, asubuhi baada ya asubuhi, na baridi ambayo sote tulikuwa tukiilalamikia ikawa kibarua asiyelipwa.

Chini ya lami sakafu ilikuwa kitambaa. Nilisimama nje nikaona changarawe za gereji kupitia viti vilipokuwa. Ndani ya boksi lililo chini ya mlango wa kulia tulikuta ufundi wa zamani: mtu alishindilia magazeti, akapaka puti juu, akapulizia rangi. Kipande kimoja cha gazeti la Uhuru kilikuwa bado kinasomeka, habari ya mpira iliyokatika kabla ya matokeo. Vijana walibishana nusu siku timu gani ilishinda. Magazeti yale yalikuwa yamenyonya maji miaka yote na kuyashikilia palepale kwenye bati. Aliyeyaweka angeacha tundu wazi, boksi lingedumu zaidi.

Hapo chini ya mlango ndipo panaposema kila kitu kuhusu gari hili. Land Rover au Fuso ina chesesi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi. Bodi ikiliwa, gari linasimama juu ya chuma chake. 240Z haina chesesi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, viti na magurudumu, na maboksi yale mawili ya chini ya milango ni kati ya sehemu zinazoizuia isipinde katikati. Ukiyakata yote mawili kwa pamoja, gari linaweza kulegea milimita kadhaa na usijue, mpaka siku ya kufunga milango.

Fundi alilijua hilo kwa mabasi, ila kwa njia nyingine, na tulibishana. Yeye alitaka kulinyanyua kwa jeki nne na kukata. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba milango ibaki imefungwa mahali pake wakati wa kukata, ili nafasi kati ya mlango na nguzo iwe ndiyo kipimo. Tulifanya yote. Alichomelea vyuma vya engo ndani, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na kimoja cha kukatisha upande kwa upande. Milango ikabaki imening'inia. Kisha akapima kwa uzi kutoka kona hadi kona, umbo la msalaba, akafunga fundo kwenye uzi kila mahali pa kipimo. Asubuhi kabla ya kuwasha mashine, kijana mmoja alikuwa na kazi ya kupitisha nyuzi zile. Tulikata upande mmoja, tukaujenga ukaisha, ndipo tukagusa wa pili.

Kuhusu kiasi cha kukata, hapa kuna jambo ambalo wengi hulionea huruma. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokitafuna; inaweza kufika mara kadhaa ya ujazo wake. Mabati mawili yaliyobanwa pamoja kiwandani, kutu ikiingia katikati yanavimba kama andazi kwenye mafuta, na kuvimba huko kunafungua mlango kwa maji mengine. Kwa hiyo pale unapoona kovu la ukubwa wa sarafu, bati linalolizunguka limeshakonda kwa ndani. Ukichomelea kiraka kwenye bati lililokonda, moto unalitoboa, unafuata tundu kwa kiraka kingine, na jioni umetengeneza kamba ya viraka. Fundi alikata mpaka alipoona chuma cheupe pande zote mbili, kisha akaongeza upana wa kidole. Mjomba, aliyekuja siku ile kutoka Tukuyu, alitoka nje akaenda kukaa kibarazani kwa mama ntilie.

Pembeni ya betri palikuwa na hadithi tofauti. Kitako chake hakikuliwa na mvua. Kililiwa na asidi iliyovuja na kufuka kutoka kwenye betri za miaka yote. Ukikata na kuweka bati jipya bila kuua asidi iliyobaki kwenye mikunjo, umepoteza bati. Nilichukua magadi, haya haya ya kuivishia maharage, nikayakoroga kwenye maji na kumwagia. Povu likapanda. Tulimwagia na kusuuza hadi povu lilipoacha kutoka, tukakausha kwa moto mdogo. Vijana walifurahi kuliko darasa langu lolote.

Bati tulitoa wapi? Nje ya nchi kuna watu wanaotengeneza vipande vipya vya gari hili, sakafu, maboksi, pembe za madigadi, vyote vimeshakunjwa. Nilipopiga hesabu ya kipande, meli na ushuru, nikafunga simu. Bodi ya asili ina unene wa karibu milimita 0.8. Bati la kuezekea ni jembamba mno, tena lina zinki. Pleti ya geji 18 ni nene, inachukua moto tofauti na bati la zamani na kuliunguza pembeni. Geji 20 ndiyo ilitufaa kwa sakafu. Kwa pembe zenye mviringo, hasa upinde wa gurudumu la nyuma, Fundi alipendelea bati la pipa. Anadai chuma cha pipa kinasikia nyundo. Sina kipimo cha maabara cha kumpinga, na upinde aliotoa ni mzuri.

Kwenye mapipa kuna tahadhari moja nzito. Pipa lililobeba petroli au tina ya rangi halikatwi kwa moto wala kwa grenda hata kama linaonekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unalipuka. Pale Ilomba wanalijaza maji kwanza, wanalifungua kwa patasi na nyundo, na hakuna anayevuta sigara karibu. Nilizuru gereji nyingine ambako hawafanyi hivyo. Nilisimama mbali.

Na hii habari ya maziwa. Fundi akichomelea kitu chenye zinki, jioni anaweza kupata homa, kutetemeka, kifua kubana na ladha ya chuma mdomoni. Moshi wa zinki ndio unaofanya hivyo. Mafundi wetu wanaamini pakiti ya maziwa inausafisha, na bosi mwema ni yule anayenunua maziwa. Nilinunua, maana heshima ni heshima. Lakini maziwa yanakwenda tumboni na moshi uko kwenye mapafu. Tulichokubaliana, baada ya maneno marefu, ni kwamba chenye zinki kikwanguliwe hadi chuma kitupu kionekane, kichomelewe nje penye upepo, na maziwa yanywewe kama maziwa.

Uchomeleaji wenyewe ulichukua muda kuliko kitu kingine chochote, na sehemu kubwa ya muda ule ilikuwa ya kusubiri. Mashine ya vijiti wanayotumia kwenye mageti inatoboa bati la 0.8 kabla hujapepesa. Gesi, ile ya oksijeni na kabaidi, inashika vizuri na Fundi ni bingwa wake, lakini joto lake linatambaa mbali na bati pana linajikunja. Kwa hiyo gesi tuliitumia kwenye kona ngumu zenye mikunjo, ambako umbo lenyewe linazuia bati lisipinde, na kwa sehemu pana tulikodi mashine ya waya. Hiyo inategemea umeme ulio sawa. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko, umeme ulishuka na mshono ukawa vidonge visivyoshika. Tukahamishia kazi ya waya asubuhi.

Namna ya kushona bati jembamba inachosha kuitazama. Unapiga nukta moja hapa, unakwenda kupiga nyingine upande wa pili kabisa, kisha katikati, kisha unasubiri hadi unaweza kuweka kiganja. Ndipo unarudi. Ukivuta mshono mmoja mrefu bati linalia na kutengeneza bonde ambalo hakuna nyundo italiondoa. Kijana aliyekuwa na haraka zaidi pale gereji ndiye aliyepewa kazi hii. Nilidhani ni adhabu. Fundi alisema ni dawa.

Jingine tulilovutana ni kiungo. Njia rahisi ni kulaza kiraka juu ya ukingo wa tundu na kushona. Ni imara na ni haraka, na nusu ya magari yanayopita Kabwe yameshonwa hivyo. Lakini kati ya mabati mawili yaliyolaliana unabaki mfuko mwembamba, na maji yanaupenda sana. Kwenye sakafu na maboksi niliomba kiraka kikatwe sawasawa na tundu, ukingo kwa ukingo. Ni kazi mara mbili, na nililipa mara mbili. Sehemu za ndani ambazo lazima mabati yalaliane, tulipaka praima, rangi ya msingi, yenye zinki kabla ya kuyabana na tukaziba ukingo kwa gundi ya mshono baada ya kushona. Kama fedha yako inatosha ukingo kwa ukingo sehemu moja tu, ningesema itumie kwenye maboksi, sakafu iache ilaliane.

Upinde wa gurudumu la nyuma ulipigwa juu ya gogo la mkaratusi. Fundi alikuwa amelichonga bonde katikati, akawa analaza bati na kulipiga kwa nyundo ya mti kuanzia ukingoni kwenda ndani, akilizungusha kidogo kila pigo. Hakuwa na kielelezo. Alikuwa na kadibodi aliyoikata kwa kufuatisha upinde wa upande wa pili, akaigeuza. Ni baada ya hapo ndipo alipotumia nyundo ya chuma, na dole, kile kipande cha chuma kinachoshikiliwa nyuma ya bati, kusawazisha. Puti iliyohitajika mwishoni ilikuwa nyembamba kiasi kwamba msasa uliifikia chuma sehemu nyingi. Hiyo ndiyo puti inayostahili kuitwa puti. Ile ya kawaida inanyonya unyevu, na ikipakwa moja kwa moja juu ya kutu inakuwa sponji, kwa hiyo tuliiweka juu ya praima ya epoksi. Kutu ndogo ndogo zilizobaki kwenye vishimo ambavyo brashi ya waya haifiki, tulizipaka asidi ya fosfori, ambayo inageuza kutu kuwa fosfeti nyeusi isiyoendelea kula, tukaosha na kukausha vizuri kabla ya praima.

Kabla ya rangi nilidai jambo ambalo mafundi walilicheka: matundu. Chini ya milango na chini ya maboksi, kiwanda kiliacha matundu madogo ya kutolea maji. Ya gari hili yalikuwa yamezibwa na tope la Tanga, kisha puti, kisha lami iliyopakwa na mtu aliyeamini anazuia kutu. Lami ya chini ya gari inapendwa sana huku kwetu. Ikiwa mpya ni nzuri. Ikipasuka, na lazima ipasuke mawe yakiigonga, maji yanaingia nyuma yake na huoni kitu mpaka kipande kidondoke kikiwa na bati lake. Tulirudisha matundu yote, tukayapitisha waya, na ndani ya maboksi tukapulizia nta iliyoyeyushwa kwa mafuta mepesi hadi ikachuruzika kupitia matundu yenyewe, ambavyo ndivyo unavyojua kwamba imefika. Fundi angetumia oili chafu. Oili chafu inafanya kazi kwa muda, sikatai, ila inachafua karakana, inalainisha raba, na kila mvua inaosha kidogo.

Rangi niipitie upesi, kwa sababu ndiyo kila mtu anayotaka kuisikia na ndiyo iliyokuwa rahisi. Rangi yake ya asili ni nyeupe, namba 904, ambayo kwenye orodha za Datsun iliitwa Nyeupe ya Kilimanjaro. Tuliikuta chini ya dashibodi ikiwa safi. Mjomba hakutaka kusikia nyekundu na boneti jeusi za magari ya mashindano. Juni na Julai baridi inachelewesha rangi kukauka, na asubuhi yenye unyevu inaipausha. Agosti na Septemba upepo wa Mbeya unaleta vumbi la kila shamba. Tulisubiri Oktoba, tukapulizia jua likishapanda na kabla upepo wa mchana haujaamka, sakafu imemwagiwa maji na tangi la kompresa limetolewa maji yake, maana tone moja kwenye bomba linatosha kuharibu boneti zima. Rangi yenye hadena, kile kigumishi kinachochanganywa nayo, ina sumu ya mapafu ambayo kitambaa cha puani hakiizuii. Barakoa yenye vichujio niliinunua mimi na nikakaa mlangoni kuhakikisha inavaliwa.

Watu huniuliza gharama kabla ya kuuliza kitu kingine. Fedha nyingi ilikwenda kwa kazi za mikono ambazo leo hakuna anayeziona: maboksi, sakafu, ukingo kwa ukingo. Kama ningelipa rangi peke yake gari lingefanana hivi hivi pichani. Kwa mtu anayetaka gari la kutembelea kazini, simshauri, anunue Corolla. Mwenye gari la namna hii nyumbani, hatua ya kwanza isiyogharimu kitu ni kuliondolea turubai, kulipa paa lenye hewa pande zote na kusafisha matundu ya maji kabla ya Novemba.

Lilipoanza kutembea lilitupa tatizo ambalo halikuwa kutu tena. Ukienda kasi madirisha yakiwa wazi, moshi wa ekzosi unaingia ndani kwa nyuma. Ni ugonjwa unaojulikana wa 240Z: hewa inajizungusha nyuma ya gari na kuvutwa ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma na kingo za taa. Si harufu tu, moshi ule una kaboni monoksaidi. Tulibadilisha mpira wa mlango kwa raba ya dirisha la Coaster, ikakubali baada ya kukatwa na kuunganishwa kwa gundi, na taa za nyuma tukazitengenezea gasketi za sponji. Harufu imepungua sana lakini haijaisha, kwa hiyo hadi sasa tunaendesha madirisha yakiwa yamefungwa na tundu za hewa za mbele wazi, mjomba akilalamika kwamba Tanga halikuwa hivi.

Na kwenye mkunjo mmoja wa kitako cha betri, pale pale tulipomwagia magadi, mwezi uliopita niliona rangi imeinuka, malengelenge mawili ya ukubwa wa punje ya mtama. Nilimpigia Fundi. Akasema nisikwangue, nitoe betri, niipe bakuli la plastiki chini yake, na gari nimpelekee Juni, mvua zikishakwisha, akate tena.